Kumi na Saba ya Shosho Kui

Wanjira alilelewa akijua kwamba watu hawahesabiwi. Mama yake, Kui, akiulizwa ana watoto wangapi alijibu tu, "Wapo, Mungu asifiwe," na hata mbuzi wake kule Kona Baridi aliwajua kwa sura. Ukimhesabu mtu, alisema, umekionyesha kifo mlango wake.

Mwaka wake wa mwisho, Kui alikaa siku tatu na Mwalimu Nalianya katika ofisi ya kanisa, Kitengela. Mwalimu alikuwa akiandika maisha ya mashosho, bibi wazee wa kanisa, kila mmoja kitabu chake kidogo ndani ya kompyuta. Siku ya tatu Kui alimwambia binti yake:

"Ile habari ya baba yako siwezi kukuambia tukitazamana. Nimempa mwalimu. Utasoma nikishaenda."

Wanjira alikuwa na miaka hamsini na sita, na hakuwa amewahi kusikia jina la baba yake.

Kui alizikwa mwezi wa tatu. Wanjira akasema atasoma machozi yakipoa. Haraka ya nini? Ndiye aliyefagia ofisi hiyo kila Jumatano, na kitabu kilikuwa palepale. Mwalimu alikuwa amemwonyesha kabla ya kuhamia Magadi: programu ya maktaba ilimpa kila shosho folda yenye jina la kitabu chake, na mwisho wa jina namba. Ya Kui ilikuwa kumi na saba.

Mvua za masika zikachukua shosho mwingine, kisha mwingine. Wanjira ameokoka miaka thelathini na haamini mikosi, lakini kila alipofungua aliona mama yake amefungwa namba kama ng'ombe wa mnada. Jumatano moja aliweka ufagio chini, akaketi, akafuta namba folda moja baada ya nyingine mpaka mashosho wote wakabaki na majina matupu. Akaomba. Akaenda nyumbani mwepesi.

Jumatatu, Sheryl, karani wa kanisa, aliona programu ikilalamika kwamba haioni vitabu. Akaiambia ikague. Ikampa orodha ndefu ya folda isizozijua. Akadhani ni takataka zilizoachwa na mwalimu. Akazifuta, akamwaga na pipa la taka la kompyuta.

"Auntie, nani amekuwa akigusa hii mashini?" aliuliza Jumatano.

"Ni mimi. Nilitoa zile namba. Mashosho si mifugo."

Sheryl akamweleza polepole alichofanya.

"Lakini si majina yapo?" Wanjira alionyesha kwa kidole. "Mama ni huyu hapa."

"Hiyo ni orodha, Auntie. Programu inaandika jina na namba kwa orodha, kitabu chenyewe inaweka kwa folda. Ulipotoa namba, haikujua tena folda ni ya nani."

Kaveke, fundi wa kompyuta karibu na stendi, alihangaika na mashini siku mbili, akarudisha picha za harusi na ratiba ya kwaya tu. Wanjira akampigia mwalimu.

"Mama, pole sana. Hata mimi sikubaki na nakala. Na sauti niliyomrekodi nilifuta nipate nafasi ya shosho anayefuata."

"Jina hukumbuki?"

"Nakumbuka alilia. Jina alitaja mara moja tu. Ni kama lilikuwa la huko Mashuuru, ama la Ukambani... siwezi kuapa."

"Bahatisha tu, mwalimu."

"Nikibahatisha nitakupa baba wa uongo."

Alimshukuru, akamwombea safari njema ingawa hakuwa akisafiri.

Sheryl, kwa uchungu wa kosa lake, alitaka waandike kitabu kingine cha Shosho Kui, yale ambayo watu wanakumbuka.

"Kitapata namba yake?"

"Hapana. Namba ikishatumika hairudiwi. Kitapata arobaini na mbili."

"Basi acha. Na usimtoe kwa orodha."

Bado anafagia. Akimaliza, hushuka kwenye orodha mpaka kumi na saba, namba ile aliyomwondolea mama yake, hubonyeza, na programu humwambia kitabu hakipo. Huifunga, akachukua ndoo, akaanza kupiga deki.