Nyayo Zisizo Zangu

Mwalimu wetu wa michezo alikuwa na tabia moja iliyoninyima raha. Kila muhula ulipoanza, alitupeleka wakimbiaji kwenye korongo kavu chini ya shule, huku kwetu upande wa Gulwe, akatutaka tutembee kwenye mchanga mmoja mmoja. Kisha aliturudisha darasani. Yeye alibaki peke yake, ameinama, kijiti mkononi, kama mtu aliyepotelewa na ng'ombe.

Mimi kuchungulia mambo nimezaliwa nako. Muhula mmoja nilijificha nyuma ya minyaa nikamwona akipima nyayo kwa kijiti, anakikata, anakitia mfukoni. Anatafuta nini? Wenzangu walidai anasoma nani ana mguu wa mbio. Niliamini, nikajilaumu, maana siku hiyo nilikuwa nimevaa katambuga za mama, zile ndara za tairi. Sikuwa na viatu, na niliona aibu kupita peku mbele ya watu. Nyuma ya kisigino changu ilibaki nafasi ya vidole vitatu.

Wiki mbili baadaye tulikuwa tunajiandaa kwa mashindano ya mkoa, Dodoma mjini, ambako asiye na raba hasimami kwenye mstari. Mwalimu aliniita pembeni akanipa kitu kilichofungwa kwa gazeti. Raba za mtumba, za bluu, zimefuliwa.

"Kajaribu nyumbani," alisema.

Hapo ndipo nilipoelewa vile vijiti. Hakuwahi kumuuliza mtoto kama ana viatu, aliuliza mchanga. Nilifurahi mpaka nilipoingiza mguu. Ulicheza ndani.

Niliyataka yale mashindano kuliko kitu chochote. Nikisema, ninajiumbua. Nikinyamaza, nitaanguka kona ya kwanza. Mama alizijaribu kwa utani, zikamkaa sawasawa. Akazunguka uani, anageuka kutazama visigino vyake. Sikuwahi kumwona na viatu vya kufunika mguu. Kisha akazivua, akazipangusa, akazirudisha kwenye gazeti.

"Mficha uchi hazai, mwanangu. Kesho kamwambie mwalimu."

Nilimkuta korongoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Zile nyayo si zangu. Ni za mama."

Nilingoja anigombeze. Akacheka.

"Ndiyo maana! Nikawa najiuliza, mtoto gani huyu kisigino cha kulia kimelika hivi, anakanyagia upande kama aliyebeba maji miaka yote? Nikasema huyu wanamtesa nyumbani."

Nilicheka pia, ila maneno yale yalinichoma. Mimi niliyechungulia kila kitu sikuwahi kutazama mama anavyotembea.

Nikamuuliza nani alimfundisha kusoma nyayo. Baba yake, akasema, alikuwa mfugaji. Na kwa nini anatununulia viatu? Alikata kijiti kwanza.

"Nilipokuwa kama wewe, mwalimu alisema mbele ya shule nzima, asiye na viatu anyooshe mkono. Sikunyoosha. Wenzangu wakaenda mkoani, mimi nikabaki. Haya, kanyaga hapa. Peku."

Nikakanyaga. Alipokwisha kupima nilimpa lile gazeti na raba zake. Hakulipokea.

"Hizo zimeshapata mwenyewe."

Mkoani nilishika nafasi ya nne, na raba zangu zilinikaa vizuri. Tuliporudi, mwalimu alinisindikiza nyumbani kwa njia ya kisimani. Tulipofika penye mchanga akasimama, akainama. Nikajua ameona kitu.

"Mama yako kapita hapa asubuhi na zile raba, ndoo imejaa," alisema. "Tazama kisigino cha kulia. Ameacha kukanyagia upande."

Nikapiga magoti, nikatazama.