Chai Kabla ya Jina

Ofisi yetu iko Makutano, mjini Meru, ghorofani, juu ya duka la mbolea. Mimi si wakili. Kazi yangu ni kuwaunganisha mawakili wanaowatetea wanyonge bila malipo, ili wa Meru akikwama amwite wa Embu, wasaidiane kutafuta ushahidi na wasigombanie sifa. Siku tuliyohakikisha kwamba karibu kila wakili wa aina hiyo kati ya miji hiyo miwili yuko kwetu, tulichinja mbuzi. Nilikula mbavu kwa raha zangu.

Kwa kuwa wanafunguliana faili na kujua siri za wateja wote, sheria yetu kubwa ni moja: mmoja wao akishika mteja, hakuna mwenzake anayeruhusiwa kumtetea mpinzani wa mteja huyo. Kwa hiyo anayeingia mlangoni huulizwa kwanza anashtakiana na nani. Kwanza kabisa, kabla hajaeleza lolote.

Lakini mimi nimelelewa Meru. Mgeni aliyetoka mbali haulizwi shida yake akiwa na koo kavu. Siku moja mama mmoja alitoka Ishiara, akalala kwa binti yake huko Kaaga, akapanda ngazi zetu asubuhi akiwa na ndengu kwenye mfuko. Nikampa chai. Na chai ikishateremka, mtu huongea.

"Madam, bwana yangu amezikwa kwa hiyo shamba," alisema. "Sasa ndugu yake amenipeleka koti, ati sikuolewa, nirudi kwetu. Kwetu wapi, na hii umri? Wenye waliona nikiolewa amebaki tu mama mkwe, na huyo siku hizi anasahau. Juzi ameniuliza mimi ni nani."

Ndipo nikauliza jina la shemeji. Nikalitafuta kwenye kompyuta, nikalikuta. Wakili wetu wa Embu alikuwa ameshamchukua. Shemeji naye ni maskini, naye alifika na machozi yake. Alimtangulia huyu mama, basi.

Siri ya mteja ni siri, kwa hiyo hata sababu sikuruhusiwa kumpa. Nilimwambia hatutaweza. Akaitikia kwa kichwa. "Sawa, madam. Mtajaribu."

Kwetu mtu hapewi chai akakataliwa hapo hapo, na mama alisikia ahadi. Nilijua amenielewa vibaya. Nikarudia maneno yale yale, safari hii kwa sauti ya chini zaidi, mjinga mimi, kisha nikamsindikiza hadi ngazini. Ndengu aliniachia mezani.

Nilipiga simu huku na kule kutafuta wakili aliye nje ya kundi letu. Waliobaki nje walikuwa wa kulipwa, na malipo waliyotaja yangemeza shamba lenyewe. Nikamkumbuka yule mbuzi wa sherehe, nikaona aibu. Wakili wa Embu naye akinipigia, nilimjibu kwa mkato kama mtu mwenye jino bovu, nisije nikapayuka habari za mama mkwe.

Siku ya kesi wakili huyo aliniomba nimpelekee faili aliyoisahau ofisini kwetu. Ningeweza kukataa, lakini ningetoa sababu gani?

Chumba cha mahakama kilikuwa kimejaa. Mama alikuwa kwenye benchi la nyuma, hana mtu. Aliponiona, uso ukamchangamka. Akasogea, akapangusa ubao kwa leso yake.

"Keti hapa, madam. Niliwaambia kwa nyumba utakuja." Akaitazama faili mikononi mwangu. "Hiyo ndio yangu?"

Mbele, wakili wetu aligeuka na kuninyooshea mkono. Shemeji alikuwa ameketi kando yake.

Nilimwambia mama samahani. Sidhani alinisikia. Nikapita katikati ya mabenchi, watu wote wakinitazama, nikaikabidhi ile faili. Nilipogeuka, nafasi aliyonipangusia alikuwa ameiwekea mfuko wake, isikaliwe na mwingine.