Kengele ya Werema na Njia Iliyozibwa kwa Miiba

Jua bado liko nyuma ya vilima vya Itiryo, na Werema Nyangwine anatia upepo magurudumu ya baiskeli yake. Anaminya tairi kwa kidole gumba, anatikisa kichwa, anapiga pampu tena. Kwenye keria ameshafunga panga, kamba na chupa ya maji. Kisha anagusa kengele kidogo tu, kama mtu anayejaribu sauti yake baada ya kuugua.

Kengele hiyo haijalia njiani tangu masika ya mwaka jana.

Leo, mwezi Juni 1957, ana wageni wawili. Mmoja ni Mwalimu Hezekia, mwenyeji wa Ukerewe anayefundisha huku Tarime. Wa pili ni Selestine, mwalimu mwenzake, binti mgeni kabisa, anayetaka kuona kuta za mawe za kale na boma la Wajerumani kule Ikoma. Hawana hakika kama watafika. Hata Werema mwenyewe hana hakika.

Kazi ya Werema ni kuongoza watu wenye baiskeli. Barabara ya malori kwenda Morotonga, upande wa Ikoma, ipo, lakini inazunguka mno, na lori likikupita unabaki mtaroni umejaa vumbi. Werema huwapitisha wageni kwenye njia aliyoifyeka kwa mikono yake. Inashuka mabonde ya Tarime, inavuka mto Mara kwa mtumbwi, inaingia msituni, kisha inapita kwenye kuta za mawe ambamo mababu walijificha na ng'ombe wao wakati wa uvamizi. Gari haliwezi kupita humo.

"Humo unasikia ndege na mnyororo wako mwenyewe," anasema. "Mnyororo ukilia, nasimama nautia mafuta, hata kama baiskeli si yangu."

Amewapitisha walimu, makatekista, wauza ngozi, na siku moja bibi harusi na mumewe. Mtu akiogopa maji, Werema huvuka kwanza peke yake, hurudi, ndipo humwambia apande. Hamcheki. Malipo ni shilingi chache, na wasio nazo humpa kuku au mtama.

Kengele yake ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuwafukuza nyati wanaolala karibu na njia. Ya pili inahusu mama mkwe wake.

Msitu unapoishia, njia inakatiza katikati ya shamba la ulezi la Bibi Boke, mama wa Ghati, mke wa Werema. Ukoo wake ulihamia ng'ambo ya mto zamani. Kwa Wakurya, mwanamume na mama wa mkewe hawatazamani usoni, hawagusani, wala hawakutani njiani. Si chuki. Ni heshima, na heshima hiyo hulindwa kama moto wa nyumbani.

Basi Werema akikaribia kona hupiga kengele. Bibi Boke akisikia huacha jembe, huingia nyuma ya ghala la nafaka, na baiskeli hupita. Huwa ameisikia mapema ikifukuza nyati msituni, akateleka uji wa ulezi na kuacha kibuyu chake juu ya jiwe kando ya njia. Werema hunywa, hugawia wageni, na huacha hapo hapo fundo la chumvi.

"Hatujawahi kuzungumza," anasema. "Lakini mkono wake wa uji naujua."

Miaka ilikwenda hivyo, mpaka masika ya mwaka jana.

Siku hiyo Werema alikuwa anamwongoza Mwalimu Hezekia peke yake. Kwenye kona akapiga kengele. Hakusikia nyayo. Akapiga tena, akangoja, akapiga kwa nguvu. Walipozunguka kona, Bibi Boke alikuwa amelala njiani. Alikuwa akipasua kuni, shoka likateleza likamkata mguu. Wanawe walikuwa mbali malishoni, na wanawake wa mji huo walikuwa wamekwenda sokoni.

Kilichofuata mwalimu hajakisahau. Werema alishuka kwenye baiskeli, akageuka, akasimama akitazama miti.

"Mtu mzima, mwema, niliyekula naye njia nzima," anasema Hezekia. "Mama mzee anavuja damu, yeye anampa mgongo. Nilidhani amerukwa na akili."

Hezekia alimfokea. Werema hakugeuka. Alisema tu kwamba yule ni mama wa mke wake, na kwamba mwalimu avue shati amfunge mguu, akaze juu ya jeraha, asiogope kukaza. Mwalimu akavua shati. Alikuwa nalo moja tu la safari.

Akampakia bibi kwenye baiskeli yake mwenyewe ili awahi zahanati ya misheni. Lakini njia ya pale ni mizizi na mawe, na mwalimu hajazoea kupakia mtu. Hawakufika mbali, wakaanguka wote wawili. Damu ikaanza upya.

Hapo Bibi Boke akasema, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Mwalimu, mwambie mume wa Ghati anipakie. Aibu nitaibeba mimi. Damu hii sina nyingine."

Werema alikuwa karibu, akisikia kila neno. Hata hivyo alingoja mpaka mwalimu amfikishie ujumbe.

Akarudi kinyumenyume, akisukuma baiskeli yake, macho yakiwa msituni. Hezekia akamketisha bibi kwenye keria, uso ukitazama nyuma, mgongo wake kwenye mgongo wa mkwewe. Wakamfunika kaniki kichwani. Wakawafunga pamoja kwa mipira ya tyubu kuukuu, ile ambayo Werema hufungia mizigo. Wakaenda. Mwalimu alifuata nyuma, na kila penye mteremko aliiacha baiskeli yake akakimbia kuushika ule mguu usining'inie.

Werema anasema hakuomba kitu kingine njia nzima ila asianguke. Mgongo wa yule mama ulikuwa ukitetemeka juu ya wake. Kwenye mlima mkali alihisi ukijivuta usimwegemee, kumpunguzia uzito.

"Mgonjwa vile, bado ananionea huruma," anasema.

Dresa, mfunga vidonda wa zahanati, aliushona mguu. Alisema wangechelewa kidogo tu, asingekuwa na mtu wa kumshona.

Habari ilifika Itiryo kabla ya Werema. Wanawake kisimani waliacha maongezi alipopita. Ghati, mkewe, alikuwa jikoni alipoletewa habari hiyo.

"Nilipoambiwa mama yuko hai nilimshukuru Mungu," anasema Ghati. "Nilipoambiwa aliyembeba ni nani, sufuria ilinitoka mkononi. Ugali wote chini. Sikujua nilie au nicheke. Sikuweza hata kumtazama baba watoto. Nilimwekea chakula mlangoni nikarudi ndani."

Shemeji mkubwa wa Werema, Mseti, alikuja na fimbo. Alimuuliza kama ameona mama yao ni gunia la mihogo hata amfunge kwa tyubu. Werema akamjibu kwamba gunia la mihogo angelifunga kwa kamba. Mseti nusura acheke, akajizuia, akakasirika zaidi.

Wazee walikaa. Waliamua Werema atoe kondoo wa kuondoa aibu hiyo, na blanketi la mama. Akatoa vyote. Lakini njia inapita shambani kwa mama mwenyewe, na aliyeguswa ni yeye. Kwa hiyo Mseti alikata matawi ya miiba akaziba njia pale konani, na wazee wakasema miiba hiyo haitaondolewa na mtu yeyote ila mkono wa Bibi Boke. Asipotaka, ibaki hapo mpaka ioze.

Hakuna pengine pa kupita. Upande mmoja ni jabali, upande wa pili ni bwawa. Bila kona ile, Werema hana njia, na bila njia hana kazi.

Baada ya kuiziba, Mseti huyo huyo alitembea hadi mtoni kumwarifu mwenye mtumbwi, ili wageni wasije wakavuka bure. Hakuwa ametumwa na mtu.

Tangu hapo Werema amekuwa akilima. Baiskeli ilining'inia ukutani. Habari za ng'ambo zilikuwa moja tu: mama anapona, mguu ni mzito, hajasema lolote. Kisha wiki hii Hezekia akatokea na Selestine. Akamwambia Werema kwamba kama njia imefungwa watarudi, na kurudi si aibu.

Wamevuka mto. Wamepita msituni, ambako nyasi zimeanza kuimeza njia, na Werema ameshuka mara nyingi kufyeka na kuwapigia nyati kengele. Kwenye kuta za mawe Selestine ameweka kiganja juu ya jiwe, akasema ni baridi kama la kisimani. Werema, ambaye kwa kawaida hueleza hapo kwa kirefu, leo anautia mnyororo mafuta tu.

Sasa wako karibu na kona. Anapiga kengele. Anangoja. Anapiga tena.

Wanazunguka kona.

Miiba haipo. Imeburutwa pembeni na kupangwa juu ya jabali, tawi juu ya tawi, na mburuzo bado mpya vumbini. Kibuyu kiko juu ya jiwe. Na mbele yao, katikati ya ulezi uliovunwa, Bibi Boke anakwenda polepole na mkongojo kuelekea ghalani. Mguu mzito haukumfikisha mafichoni kengele ilipolia.

Werema anageuza baiskeli palepale, anatazama miti. Hezekia naye anageuka. Selestine anaduwaa, anauliza kwa sauti ya chini kama yule bibi hahitaji kusaidiwa.

"Huku ndiko kumsaidia," Hezekia anamwambia. "Geuka nawe."

Wote watatu wanasimama wakiwa wameupa ulezi mgongo. Wanausikia mkongojo, kisha mguu unaokokotwa, kisha mkongojo. Unafika ghalani, unanyamaza. Werema anachukua kibuyu, anakunywa, na machozi yanamtoka bila yeye kuyapangusa.

Safari imekwisha, na nia yake sasa ni kuchonga kijia kingine juu ya lile jabali, hatua kwa hatua, kitakachozunguka nyuma ya shamba, ili mama asilazimike kukimbia tena. Mseti amekubali kumletea mtaimbo na watu wa kumsaidia. Ghati ndiye aliyepeleka ombi kwa mama yake, na ndiye aliyerudi na jibu.

"Amesema mpitishe njia huko nyuma mkipenda," Ghati anaeleza. "Lakini kengele apige kama zamani. Amesema, yeye asipoisikia, atajuaje lini ateleke uji?"