Kifungu cha Kumi

Shangazi yangu huhesabu kila kitu. Akipanda ngazi za jengo letu utamsikia akinong'ona, "kumi na tisa, ishirini," na akifika juu hushusha pumzi kama mtu aliyedhani ngazi moja imeibwa. Tabia hiyo aliitoa kazini. Miaka ishirini na miwili alipiga taipu ofisini, enzi za mashine za chuma zilizolia kama mvua ya mawe juu ya bati, na namba ya kila ukurasa aliipiga mwenyewe. Ukichomeka ukurasa katikati, unaanza upya. Kompyuta zilipoingia, wapiga taipu wakaambiwa asanteni. Wenzake walirudi nyumbani. Yeye alinunua kompyuta iliyochoka, akapanga chumba kati ya kinyozi na muuza vioo, akabandika mlangoni: TUNACHAPA. Ni mwaka wa tisa sasa, na mtaa mzima unamwita Mama Chapa.

Mimi hupita pale nikitoka shule, maana nyumbani hatuna meza isiyotikisika. Siku moja nilimwuliza kwa nini kurasa za mwanzo wa ripoti zina namba za Kirumi, halafu moja inaanzia mbele.

"Kurasa za mwanzo ni kibaraza, mwanangu," akasema bila kuondoa macho kwenye kioo. "Moja inaanzia sebuleni. Lakini lazima ujenge ukuta katikati, uikate hati vipande viwili. Usipoikata, mashine itahesabu moja kwa moja kama mlevi anayehesabu taa za barabarani."

Ijumaa moja aliingia Mwenyekiti wa chama cha mafundi cherehani, amebeba katiba yao ya vifungu kumi na tisa, ile Shangazi aliyowachapia wiki iliyotangulia.

"Mama Chapa, cha saba toa. Sare! Mafundi thelathini, kila mtu na rangi yake kichwani. Tumegombana mpaka chai imepoa."

Shangazi akakifuta. Mbele ya macho yangu cha nane kikawa cha saba, cha tisa kikawa cha nane, vyote vikasogea kama watu kwenye foleni mmoja akitoka.

"Umeona?" akaniambia. "Zamani hii ilikuwa kazi ya kutwa. Mashine hii ina adabu."

Akachapa nakala thelathini. Mkutano wa kutia saini ulikuwa kesho yake, saa nne asubuhi.

Jumamosi hiyo, saa tatu na nusu, aliingia mama mmoja anahema, nakala mkononi, kidole kwenye mstari. Nilimjua. Mumewe, fundi wa suti, alifariki mwaka jana, naye akaendelea kushonea cherehani yake katika ukumbi wa chama, pale dirishani, kwenye meza yenye mwanga kuliko zote.

"Mama Chapa, mimi nimekukosea nini?"

"Kwani kuna nini, dada?"

"Nisomee hapa."

Shangazi akasoma: "Mwanachama akifariki, mjane wake atatendewa kwa mujibu wa kifungu cha kumi."

"Haya. Sasa nisomee cha kumi."

Shangazi akafunua. Nikachungulia. Cha kumi kilikuwa cha wezi wa vitambaa vya wateja: mwizi ataondolewa mara moja, na meza yake apewe mwingine. Kile cha haki ya kubaki na meza kilikuwa kimeshasogea hadi cha tisa.

"Mkasi ameniambia nianze kufungasha. Eti maandishi ni maandishi."

Mkasi ni fundi mwenye ulimi mkali kuliko sindano, na meza yake iko gizani, karibu na choo.

Hapo nikaelewa. Namba za vifungu mashine ilijipangia yenyewe, ndiyo maana ikazisogeza. Lakini lile "kumi" ndani ya sentensi Shangazi alilipiga kwa kidole chake, kama zamani. Foleni ilisogea, kidole kilichokuwa kikiionyesha kikabaki palepale.

"Shangazi, waambie kompyuta imeharibu."

"Kompyuta ina mikono?" Akavaa viatu. "Twende."

Ukumbini Mkasi alikuwa ameshashika kalamu. "Tumeshasomewa, tumeelewa, tusaini tukafanye kazi!"

Shangazi akasimama katikati ya cherehani.

"Kosa ni langu. Miaka thelathini na moja sijarudishiwa karatasi hata moja. Leo naomba mnirudishie zote."

"Lo! Kumbe hata Mama Chapa huteleza!" akacheka fundi mmoja.

"Aliyelala ndiye asiyeteleza, baba. Lete yako."

Nakala zikakusanywa. Shangazi akalamba kidole, akahesabu mara moja tu.

"Ishirini na tisa."

Watu wakatazamana. Shangazi akamtazama mmoja.

"Fundi, hebu simama kidogo."

Mkasi akasimama polepole. Ya thelathini ilikuwa chini yake, ina joto. Ukumbi uliangua kicheko hadi Mwenyekiti akafuta machozi.

Tuliporudi chumbani, Shangazi hakuandika "tisa". Aliifundisha mashine kukitazama kifungu chenyewe, popote kitakapohamia. Kisha akafuta kifungu cha pili kwa makusudi, na ndani ya sentensi ya mjane namba ikageuka kuwa nane. Akakirudisha, ikawa tisa. Akarudia mara tatu, kama mtu anayejaribu kufuli.

Saa saba mchana mjane alikisoma kifungu chake kwa kidole, akafunua cha tisa, akakisoma nacho, ndipo akasaini. Kisha akarudi dirishani na kuendelea na mkono wa koti alioacha asubuhi.

Zile nakala mbovu Shangazi alinipa nifanyie hesabu za shule upande wa nyuma. Nimemaliza ishirini na tisa. Ile ya Mkasi bado ina mkunjo, siiwezi.