Klementina, Fundi wa Dada Yangu

Nisiseme uongo: Klementina namwonea wivu. Miaka kumi na sita Bariadi hii, taa ya mtu ikigoma watu walisema, "Muiteni Januarius." Januarius ndiye mimi. Kisha akaja huyu. Mumewe mwalimu, kahamishiwa hapa kutoka Moshi, na yeye kaja na cheti chake cha umeme, tesita, ile bisibisi ya kupimia umeme, kaichomeka kwenye nywele. Anaamkia kwa Kisukuma kibovu, "Mwangaluka!", vibibi vinakufa kwa kicheko, vinampenda. Mimi niliyezaliwa hapa nani ananichekea?

"Mgema akisifiwa tembo hulitia maji," nikawa najiambia, nikisubiri aharibu kazi ya mtu. Wapi! Haharibu.

Lililonikata maini lilitokea Jumatatu moja. Mashine ya kusaga ya dada yangu Minza ilianza kupiga watu shoti. Dada yangu wa tumbo moja, akamwita nani? Klementina! Tena niliambiwa na wateja. Nikaenda mbio na makatambuga yangu ya tairi mguuni. Leo lazima Minza aone fundi ni nani.

Nikamkuta Klementina anamulika mota kwa tochi, hajagusa kitu.

"Shikamoo kaka. Panya wamekula plastiki ya waya, shaba iko nje inagusa bodi. Umeme ukipata chuma unapita tu. Ngoja nikazime swichi kubwa huko nje."

"Kuzima ya nini?" nikasema kwa sauti, Minza asikie. "Mimi nimevaa mpira. Mpira haupitishi umeme. Hicho hawakukufundisha chuoni?"

Akatazama miguu yangu, akatazama sakafu. Minza alikuwa ameipiga deki asubuhi ile.

"Mpira haupitishi, kaka, ni kweli. Lakini hayo yamepigiliwa misumari mpaka chini. Misumari inapitisha, na sakafu imelowa. Usiguse, nakuomba."

Sikio la kufa halisikii dawa. Nikashika.

Lo! Mkono ukanaswa, meno yakagongana, hata mama sikuweza kumwita. Klementina hakunishika. Alirukia mpini wa jembe, mkavu, uliokuwa umeegemezwa ukutani, akanipiga nao mkono mpaka ukaachia, nikaangukia kwenye pumba. Ndipo akakimbia kuzima swichi.

Minza akaja analia. Akamkumbatia yeye! "Asante mayu, asante mama, umeniokolea mdogo wangu." Mimi niko chini, vidole vimeungua, na wivu bado unanichoma: hata hapa anakumbatiwa yeye.

Vidole vimepona sasa. Mashine inasaga, Klementina aliimaliza siku ileile. Lakini kuna swali haliniachi. Ingekuwa yeye ndiye amenaswa, na mimi nimesimama karibu na mpini ule, ningeurukia vile?

Najijua. Ningesita kwanza.