Ng'ombe wa Mama na Mgeni wa Kaka

Mama alipofariki aliniachia ng'ombe mmoja mwekundu, na kijijini kwetu, nje kidogo ya Ikungi, kila mtu alijua ni wangu. Alikuwa mkali kwa wote isipokuwa mimi. Kaka yangu aliwahi kumswaga kwenda mnadani bila kuniambia. Ng'ombe akalala katikati ya njia, yeye na wenzake wakamcharaza fimbo mpaka wakachoka wao, wakamrudisha. Nilinuna wiki nzima. Kaka akaniomba radhi, nami nikamwamini kwa sababu ni kaka.

Baadaye akaja na bwana mmoja wa kijiji cha pili.

"Dada, huyu anataka kuanza kufuga. Mwelekeze. Kwa ng'ombe hapa hakuna anayekufikia."

Mimi na sifa tena! Nilimfundisha yule bwana kwa moyo wote. Usimwendee kimya kimya, sema kwanza ndipo umguse. Mpe kiganja anuse. Masikio yakilala nyuma, acha, subiri. Akigoma usimpige, mpigie mluzi mdogo, atakuja mwenyewe. Kila asubuhi alikuja tukakamua pamoja, mpaka ng'ombe akawa anamlamba mkono. Kaka aliegemea zizi akitabasamu. Nilidhani anajivunia mimi.

Siku moja natoka mashineni kusaga mtama, ndoo kichwani, nikakutana nao njiani. Yule bwana mbele, ng'ombe wangu nyuma yake, wala hana kamba.

"Za mashineni, dada," akasema kwa furaha. "Unaona anavyonisikia? Kaka yako aliniambia nimchukue usipokuwepo, maana mkiagana utalia."

Kumbe kaka alikwishamuuza tangu siku ile ya kwanza, kazi ya kumzoesha mnunuzi akaniachia mimi. Nilimchukia kaka pale pale, na mpaka leo sijaacha.

Ng'ombe alisimama, masikio mbele, ananitazama. Ningemwita angenifuata hadi nyumbani, na kesho yake wangemjia na kamba na fimbo.

"Mbona hatembei?" yule bwana akauliza.

Nikazunguka, nikasimama nyuma ya ng'ombe kabisa, usawa wa mkia, mahali ambapo haoni. Nikatulia pale na unga wangu kichwani, machozi yananitoka.

"Jaribu sasa," nikamwambia.

Ng'ombe akaondoka naye.