Firigisi ya bwana mwenye hayuko

Leo walinikatalia firigisi ya kuku yangu mwenyewe!

Nimetoka Masisi, nimefika Walikale na njaa ya barabara. Nikaingia mu resto moja, nikaomba kuku muzima na ndizi.

Kuku ikakuya. Nikageuza-geuza mu bakuli. Firigisi hakuna.

Nikaita dada mwenye kuhudumia.

«Dada, firigisi iko wapi?»

«Tumemuwekea papa, Mama. Akikuya tutamupa.»

Papa gani? Sikukuya na bwana, niko peke yangu! Najua, hata kwetu firigisi ni ya mwanaume. Lakini huyu mwanaume hata hayuko!

Nikasema kwa nguvu, wanaume wa meza zote wasikie: «Papa njo miye. Leta.»

Mumoja akaacha hata kutafuna.

Ikaletwa. Ile naipeleka ku kinywa, mama mupishi akatoka jikoni, akasimama mbele yangu. Nikajua matata imefika.

Akauliza pole pole: «Iko na ladha gani? Miye napikaka tu, sijaonja hata siku moja.»

Nikaikata kati, nikamupa. (Wadada, ninyi mulishaonja? Semeni kweli.)

Akatafuna, akameza, akageukia wale wanaume.

«Kumbe njo hii tu munatukatazaka?»